Akaunti ya sataranji ya binti yangu imefungwa kwa tuhuma za udanganyifu, naye ananisihi nisikate rufaa

Kwako Bi Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni, na riziki yangu ni kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mume wangu ni baharia, na kwa kuwa huwa melini sehemu kubwa ya mwaka, mambo mengi ya nyumba huniangukia mimi. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka 14, ambaye yuko Gredi ya 9.

Binti huyu anapenda sataranji kuliko kitu chochote. Alianza kucheza shuleni, kisha akajiunga na klabu ya vijana inayokutana kila Jumamosi katika ukumbi mmoja huko Tudor. Mimi mwenyewe siujui mchezo huo. Najua tu kwamba mfalme akizingirwa, mchezo umekwisha. Baba yake alipoona bidii yake alimnunulia simu nzuri ili awe anacheza na watu wa mbali kwa intaneti. Simu ni yake, lakini nyumba yetu si ya kila mtu na chake, kwa hivyo kaka yake pia huitumia, hasa usiku dada yake anapokuwa amelala. Kaka huyu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na anasubiri kuitwa chuoni. Yeye pia anacheza, tena ndiye aliyemwonyesha dada yake mbinu za mwanzo.

Klabu ilikuwa inachagua vijana wanne wa kwenda kushindana Nairobi, na uchaguzi ulifanywa kwa ligi iliyochezwa kwenye mtandao nyakati za jioni, kila mtoto akiwa kwao. Binti yangu alikuwa nafasi ya pili. Asubuhi moja, kabla hajavaa sare ya shule, alifungua simu akakuta ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa kwa kukiuka kanuni za mchezo wa haki. Hapakuwa na maelezo mengine yoyote. Kabla sijamaliza kuuza mahamri, habari ilikuwa imeshafika katika kundi la WhatsApp la wazazi, na mzazi mmoja alikuwa ameandika: “Nilijua tu. Msichana amshinde mwanangu kila wiki, inawezekana vipi?”

Mwalimu wao wa klabu ni mtu mtulivu na nampa heshima yake. Alikuja nyumbani na karatasi alizochapisha za michezo ya binti yangu. Alinionyesha kwamba katika baadhi ya michezo kiwango cha usahihi kilikuwa asilimia 97 na 98, na kwamba kuna michezo kadhaa ambayo karibu kila hatua ilichukua sekunde saba au nane, hata pale alipokuwa na hatua moja tu ya kucheza. Hata hivyo alisema kwamba yeye anamjua mtoto huyu na haamini kuwa amedanganya. Ameniandalia barua ya rufaa, ambayo mimi kama mzazi nitathibitisha kwamba binti yangu alicheza michezo yake yote mwenyewe, bila msaada wa mtu wala programu. Majina ya wanaosafiri yatapelekwa karibuni, kwa hivyo anataka niweke sahihi haraka.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Binti yangu alilia sana, akaniambia, “Mama, wallahi mimi sikudanganya.” Nami namwamini, kwa sababu mtoto huyu hajawahi kunidanganya. Lakini nilipomwambia kuhusu ile barua, alinishika mkono akasema, “Mama, tafadhali usiandike.” Nilipomuuliza sababu alinyamaza. Tangu siku hiyo hataki kwenda klabu, na ubao wake wa sataranji ameuweka juu ya kabati.

Kaka yake naye amebadilika. Anaosha vyombo bila kuambiwa, anamletea dada yake chipsi, na akimaliza kula anatoka haraka kwenda barazani. Naogopa kumuuliza. Mara ya mwisho baba yao alipokuwa nyumbani waligombana vibaya, na baba akaapa kwamba kijana huyu akiitia nyumba aibu tena, atafute pa kukaa. Nikimuuliza na ikawa kweli, nitaficha vipi? Nikimuuliza na ikawa si kweli, nitakuwa nimemshuku mwanangu bure.

Mume wangu akipiga simu, swali lake la kwanza ni, “Bingwa wangu hajambo?” Bado sijamwambia. Nakuomba unieleze: hiyo kompyuta inajuaje kwamba mtu amedanganya, na je, haiwezi kukosea? Niweke sahihi au nisiweke? Na huyu kijana nimfanye nini?

Mama Mwenye Mashaka, Kisauni

JIBU

Marahaba, mama, na shukrani kwa barua uliyoiandika kwa uwazi. Umeniuliza kuhusu kompyuta, kuhusu sahihi na kuhusu kijana wako, lakini nilipoisoma barua mara ya pili niliona kwamba maswali hayo yote yamefungwa kwenye fundo moja: unaombwa uthibitishe jambo ambalo hukuliona kwa macho yako, na mtoto ambaye uthibitisho huo ungemwokoa ndiye anayekusihi usiutoe. Sina uwezo wa kukuambia nani alifanya nini katika simu ile. Ninachoweza ni kukueleza mambo haya yanavyokwenda, kisha tuyatazame pamoja maneno mawili matatu uliyoyachukulia kuwa ni ya hakika.

Nianze na kompyuta. Mwaka 1997 mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa aliyeogopwa kuliko wote wa wakati wake, katika mashindano ya michezo sita yaliyofanyika New York. (Siku hizo malalamiko yalikuwa kinyume na yetu ya leo, maana Kasparov ndiye aliyeshuku kwamba mashine ilikuwa inasaidiwa na binadamu.) Leo programu ya sataranji kama Stockfish, ambayo hupatikana bure, ikiwekwa katika simu ya kawaida inamshinda bingwa yeyote wa dunia. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kudanganya hahitaji ujuzi wala fedha. Anahitaji simu ya pili, au ukurasa wa pili katika simu hiyo hiyo, na sekunde chache za kunakili kile anachoambiwa.

Wanaomtafuta mdanganyifu nao hutumia programu hizo hizo. Hulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo programu ingezichagua, si katika mchezo mmoja bali katika mingi, kisha hujiuliza kama mtu wa kiwango chake angeweza kukubaliana nayo mara nyingi kiasi hicho. Kenneth Regan, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Buffalo nchini Marekani na mwenyewe mchezaji hodari, amejulikana duniani kwa hesabu za namna hii. Mitandao mikubwa ya sataranji huongeza mambo mengine, kama vile muda ambao mchezaji hutumia kwa kila hatua, na iwapo anatoka kwenye ukurasa wa mchezo na kurudi kila zamu yake inapofika. Mwalimu wa Kiswahili hutambua insha ambayo mwanafunzi wake hakuiandika kwa sababu anaijua sauti ya mtoto huyo na anajua makosa aliyozoea kuyafanya, na kazi hii haiko mbali sana na hiyo. Sababu ya kutopewa maelezo ni kwamba mitandao haitaki kuwafundisha wadanganyifu namna ya kukwepa. Inaumiza kwa mtu anayejiona hana hatia, lakini ndio utaratibu wao.

Sasa tuzitazame karatasi za mwalimu. Ile asilimia 97 au 98, yaani kipimo cha jinsi hatua zake zilivyokaribia zile za programu, isikutishe peke yake. Mtoto aliyehifadhi hatua za ufunguzi, akakutana na mpinzani aliyempa malkia bure mapema kisha akakubali kushindwa, anaweza kupata usahihi wa namna hiyo kwa haki kabisa, kwa kuwa hatua nzuri zilikuwa wazi na mchezo ulikuwa mfupi. Zile sekunde saba ndizo zilizonisimamisha. Mpinzani akikula kete na wewe ukiwa na askari mmoja tu wa kuilipiza, mkono huwa umeshafika kabla hujafikiri. Halafu mbele, mambo yanapochanganyika, mtu mzima hukaa dakika nzima akisugua paji la uso. Anayenakili kutoka kwenye programu hana tofauti hiyo: ni lazima aiingize hatua ya mpinzani, asubiri jibu, arudi alicheze, iwe hatua ni rahisi au ni ngumu. Ndiyo maana muda unaofanana mchezo mzima huwashtua wachunguzi. Hata hivyo, intaneti inayokwamakwama huweza kuvuruga muda, na mtoto anayeitwa jikoni kila mara hachezi kwa mwendo wake wa kawaida. Kwa hivyo hilo nalo ni dalili tu, na nadhani mwalimu aliliona, ndiyo maana alikuonyesha ingawa moyo wake uko upande wa binti yako.

Je, kompyuta inaweza kukosea? Inaweza, na ndiyo sababu njia ya rufaa ipo. Lakini kwa ninavyoliona jambo hili, binadamu wenye hasira hukosea mara nyingi zaidi. Mwaka 2023 Vladimir Kramnik, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alitilia shaka hadharani mfululizo wa ushindi wa Hikaru Nakamura, mchezaji hodari wa Marekani; mtandao wa Chess.com ukachunguza, ukasema haukuona udanganyifu wowote. Ikiwa bingwa wa dunia anaweza kutazama namba na kuzisoma vibaya, yule mzazi wa WhatsApp aliyesema msichana hawezi kumshinda mwanawe hana ushahidi wowote mkononi, ana uchungu tu, na huna wajibu wa kumjibu.

Sisi Wakenya tuna kisa chetu, na nakitaja kwa sababu ya namna kilivyoshughulikiwa. Mwaka huo huo wa 2023, katika mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, kijana wa kiume alivaa buibui na nikabu akajiandikisha katika kundi la wanawake ili apate fedha za zawadi. Vazi halikumtia mtu wasiwasi, na ni haki yake vazi hilo kuheshimiwa. Waandalizi walianza kushuku walipoona mchezaji asiyejulikana akiwashinda wenye nguvu, hazungumzi na mtu, na viatu vyake havilingani na mavazi. Walimwita faragha, wakamwomba kitambulisho, naye akakiri. Hawakuanza kwa kumtangaza ukumbini. Klabu yenu ingekuwa na utaratibu wa namna hiyo, habari ya binti yako isingefika kwa wazazi wengine kabla hujamaliza biashara yako ya asubuhi, na ukipata nafasi ya kuzungumza na mwalimu, hilo ni neno la kumwambia.

Nije sasa kwenye jambo ambalo ningependa ulifikirie kwa utulivu. Barua yako imesimama juu ya mambo mawili: ama binti amedanganya, ama kompyuta imekosea. Lakini wewe mwenyewe umeandika, tena bila kuulizwa, kwamba simu ile inatumiwa na watu wawili. Mtandao haukusema kwamba binti yako ni mdanganyifu. Haumjui binti yako. Umesema kwamba akaunti ile ilichezewa kwa njia isiyo ya haki. Inawezekana akasema kweli alipoapa, na mtandao nao ukawa umesema kweli. Simaanishi kwamba kaka ndiye aliyefanya. Kijana anayeosha vyombo bila kuambiwa huenda anamwonea dada yake huruma tu, na vijana wa umri huo hutoka kwenda barazani hata dunia ikiwa shwari. Nasema tu kwamba mlango huo upo, na wewe umeuona, ndiyo maana huwezi kulala.

Tena kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa. Katika mitandao mikubwa akaunti ni ya mtu mmoja. Kaka akiichezea akaunti ya dada yake, hata kwa akili yake mwenyewe bila programu yoyote, tayari kanuni imevunjwa. Kwa hivyo ile barua inayosema kwamba alicheza michezo yote mwenyewe haiulizi kuhusu uaminifu wa binti yako peke yake. Inakuuliza wewe uape kuhusu kila mchezo uliochezwa katika simu ile, pamoja na ya usiku wewe ukiwa umelala.

“Mama, tafadhali usiandike.” Nimeyarudia maneno haya mara nyingi. Yanaweza kuwa ya mtoto aliyeteleza jioni moja alipoona anashindwa, akaogopa, na sasa hawezi kurudi nyuma kwa sababu ameshaapa. Yanaweza kuwa ya mtoto anayejua kilichotokea na anamkinga kaka yake, hasa akikumbuka kiapo cha baba. Au ni ya mtoto aliyechoka kusemwa, anayetaka tu jambo lipite, na kwake barua nyingine ni kelele nyingine. Umesema hajawahi kukudanganya, nami sina sababu ya kukupinga, ila mtoto wa miaka 14 huweza kusema kweli katika kila neno analolitamka na bado akawa ameacha neno moja bila kulisema. Hilo halimfanyi kuwa mwongo.

Ukiniuliza mazungumzo yaanzie kwa nani, mimi ningeelekea kwake kabla ya kaka, lakini wewe ndiye unayewajua. Usimweke chini kama mshtakiwa. Mkiwa mnakanda unga jioni, mwambie kwamba hutaandika chochote bila yeye kujua, na kwamba unataka kuelewa anaogopa nini barua ikienda. Kuuliza anachokiogopa ni tofauti na kuuliza alichokifanya, na mara nyingi hujibiwa haraka zaidi. Hatari ni kwamba anaweza kumtaja kaka yake halafu akajilaumu kwa kumtaja. Ukiona anafika hapo, mwambie mapema kwamba lolote atakalolisema hutalibeba moja kwa moja kwa baba.

Zile karatasi zinaweza kukusaidia, zikitumiwa kwa upole. Michezo ya mtandaoni huandikwa tarehe na saa. Mkae wawili, aipitie mwenyewe, aonyeshe ipi ni ya ligi ya jioni na ipi ni ya saa sita au saa saba za usiku, mkihakikisha kwanza kwamba saa zilizoandikwa ni za Kenya. Ikiwa ile ya sekunde saba ni ya usiku, na ile ya ligi ina mwendo wa kawaida wa mtoto anayeharakisha mwanzoni na kusita katikati, basi kuna jambo la maana la kumwambia mwalimu: matokeo ya ligi yenu huenda ni safi hata kama akaunti haitarudi, kwa sababu klabu na mtandao ni mahakama mbili tofauti. Ikiwa ni ya ligi, mtakuwa mmejua, na itakuwa bora mlijue ninyi wawili mkiwa peke yenu. Hatari yake ni kugeuka askari wa upelelezi ndani ya nyumba yako. Ukiona anaanza kutetemeka, zikunjeni karatasi mziache.

Kuhusu sahihi, zipo njia zaidi ya ndiyo na hapana. Ukisaini haraka, huenda nafasi ya Nairobi ikaokolewa. Lakini ikibainika baadaye kwamba si kweli, binti atakuwa amepoteza akaunti pamoja na neno la mama yake, na mwalimu aliyemtetea ataaibika naye. Usiposaini kabisa na ukanyamaza, wengine watausoma ukimya huo kuwa ni kukiri, na mtoto asiye na hatia atabeba mzigo wa bure. Unaweza pia kumwandikia mwalimu barua fupi inayosema unachokijua tu: kwamba simu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kwamba huwezi kuthibitisha kila mchezo, na kwamba unaiomba klabu impime binti kwa michezo yake ya Jumamosi ukumbini, ambayo mwalimu ameiona kwa macho. Barua hiyo nayo ina gharama yake, kwa kuwa msomaji mwerevu atajiuliza huyo mtu wa pili ni nani. Mwalimu akipendekeza mtoto ajaribiwe mbele ya watu ili kuthibitisha uwezo wake, kuwa mwangalifu: mtoto anayecheza huku watu wazima kumi wakimkodolea macho anaweza kumwacha malkia wazi kwa hofu tu, na jaribio hilo litasema machache kuhusu alivyocheza akiwa kwao.

Na kama ikawa ni yeye? Naliuliza kwa sauti kwa sababu najua umeliuliza kimya. Hans Niemann, mchezaji kijana wa Marekani, alikiri kwamba alidanganya katika michezo ya mtandaoni akiwa na miaka 12, na tena akiwa na 16. Septemba 2022, akiwa na miaka 19, alimshinda Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, ana kwa ana huko Saint Louis. Carlsen akajitoa mashindanoni, na dunia nzima ikaanza kuyachimba ya nyuma. Chess.com ilitoa ripoti ya kurasa 72 iliyosema kwamba huenda alidanganya katika michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni, idadi iliyozidi mbali alichokikiri. Ushahidi kwamba alidanganya kwenye ubao haukupatikana. Alikwenda mahakamani akidai dola milioni 100, kesi ikatupwa, kisha mwaka 2023 pande zote zikapatana na akaunti yake ikafunguliwa. Carlsen naye alitozwa faini ya euro 10,000 na shirikisho la dunia, FIDE, kwa kujitoa bila sababu iliyokubalika. Nakusimulia hili ili uone pande zake zote: kijana huyo anaendelea kucheza na wakubwa hadi leo, lakini alichokifanya utotoni kilimfuata pia. Mitandao kadhaa huwapa wanaokiri nafasi ya kuanza upya kwa akaunti nyingine, na kwa mtoto wa miaka 14 mlango huo ni mpana kuliko unavyofikiri.

Kaka yake sasa. Umesema unaogopa kumuuliza kwa sababu jibu litakulazimisha kumficha. Nakuomba ulitenganishe jambo hili na ugomvi wake na baba. Kijana wa miaka 19 anayekaa nyumbani akisubiri barua ya chuo, ambaye dada yake mdogo anaitwa bingwa kila simu inapolia, ana yake moyoni, awe ameigusa akaunti ile au hajaigusa. Unaweza kumwita bila kumshtaki, ukamweleza kwamba dada yake yumo matatani na kwamba yeye ndiye anayeujua mchezo ndani ya nyumba hii, kisha umuulize ana rai gani. Ikiwa hana hatia, utakuwa umempa heshima badala ya shutuma. Ikiwa anayo, utakuwa umemfungulia mlango wa kujieleza mwenyewe. Huenda akakataa, na itabidi uishi na kukataa huko kwa muda, jambo ambalo si jepesi kwa mama.

Yale ya kuzuia yasirudi ni mafupi. Kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri, na michezo ya ligi ichezwe sebuleni, si kitandani. Klabu nayo isiwaachie watoto mtego: katika mashindano makini ya mtandaoni mchezaji huwasha kamera, mara nyingine huwekwa ya pili ubavuni inayoonyesha mikono na kioo, na wanaotazama huonyeshwa mchezo kwa kuchelewa ili mtu wa nje asiweze kumnong’oneza. Kwa klabu ndogo kama yenu, rahisi zaidi ni kutumia mtandao kwa mazoezi na kuchagua timu kwenye ubao, pale Tudor, watoto wakitazamana.

Limebaki la mume wako. Habari zikiwa kwenye WhatsApp ya wazazi, zitamfikia hata akiwa baharini, na heri azisikie kutoka kwako. Si lazima umweleze usichokijua. Mwambie kwamba akaunti imefungwa, kwamba mnaichunguza pamoja na mwalimu, na kwamba binti anaumia. Kisha umwombe, kabla ya kuuliza lolote, aombe kuzungumza na watoto wote watatu, mmoja mmoja, na kijana awe wa kwanza.